Pikipiki ya koperative ikizima njiani: tafuteni ugonjwa mbele ya kununua kipande

Kwa mwenye kulima kahawa, saa iko na bei. Matunda mekundu yenye kuchumwa asubuhi yanapashwa kupita katika mashini ya kumenya siku ile ile. Yakilala ndani ya mufuko yanaanza kuchacha, na harufu ile haitoke tena hata mukiyaosha namna gani. Sasa fikirini mwezi wa ine: mvua inanyesha, mifuko mitatu iko kando ya njia, stasho ya kuosha kahawa iko kilometa 12, na pikipiki ya koperative imekataa kuwaka.

Kile chenye kufuata tunakijua wote. Mutu mumoja anasema: «Ni kaburateri.» Mwingine anasema: «Hapana, ni bujie.» Mekanisiye anaitwa, anafungua vyote viwili kwa mara moja, ananunua hiki na kile, pikipiki inawaka, na hakuna mwenye kujua ni kitu gani kiliiponya. Nyuma ya wiki mbili inazima tena, na kasha ya koperative inafunguliwa tena.

Wapendwa bapapa na bamama wa koperative, mara hii hatuongee juu ya mbegu wala mbolea. Tunaongea juu ya pikipiki ya zamani yenye kubeba hiyo mbegu na hayo mavuno, na namna ya kuipima nyumbani pasipo kutupa franga. Neno letu ni moja: kaburateri iguswe mwisho. Mbele yake kuna vitu vine vyenye kufanya isingiziwe bure: esansi, hewa, moto wa bujie, na supapu. Mukivipima kimoja kimoja, mara nyingi hamutafika hata kwa kaburateri.

Tumechukua mufano wa motere ya Honda CG125 na zile zenye kuifuata. Honda waliitoa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wenye kutumikisha pikipiki kazi nzito na wasio na garaji karibu. Supapu zake zinasukumwa na vijiti virefu vya chuma. Haina shene ya kuzungusha supapu kule juu, kwa hiyo iko na vitu vichache vya kuharibika. Viwanda vya China vilichukua muundo huo, na pikipiki nyingi za 125 na 150 zenye kuuzwa kwetu kwa majina mbalimbali ziko na motere ya namna hiyo. Kama yenu ni TVS ao Boxer, mupango wa kutafuta unabaki ule ule, lakini namba za supapu na bujie muzichukue katika kitabu chake, si hapa.

Vyombo ni vichache: kle ya bujie, kle za kawaida, turnevisi mbili, chupa safi ya plastiki yenye kuonyesha ndani, kitambaa, na kale, ni kusema vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi ndogo. Ongezeni kaye na biki. Tutaona mwisho sababu gani. Kazi ifanyike inje, mbali na mbabula, na mwenye kuvuta sigara akae upande mwingine wa njia.

ESANSI

Wengi wetu tunanunua esansi kwa Kadafi, ndani ya chupa ao bido kando ya barabara. Hatusemi ni wabaya. Pasipo wao pikipiki nyingi za vijiji zingelala. Lakini bido inaweza kuwa na maji ya mvua chini, ao esansi imechanganywa na petroli ya taa.

Tosheni mupira wa esansi kwenye kaburateri, wekeni ncha yake ndani ya chupa, fungueni robine. Esansi inapashwa kutoka kama uzi moja usiokatika. Ikitoka matone matone, robine imejaa uchafu ao kizibo cha rezervuari hakipumue (tutarudi hapo). Acheni chupa itulie dakika kumi. Maji ni mazito kuliko esansi, yatashuka chini na mutaona musitari. Kwa petroli, mwangeni tone moja juu ya karatasi nyeupe: esansi safi inakauka haraka pasipo kuacha kitu, yenye petroli inaacha alama ya mafuta.

Kisha legezeni ile visi ndogo chini ya bakuli ya kaburateri na mwage esansi yake ndani ya chupa. Hiyo haiko kufungua kaburateri, ni kuitosha maji tu. Tone mbili za maji katika bakuli zinatosha kuzimisha pikipiki nzima.

Sasa kizibo. Miaka fulani nilikuwa natembelea vikundi vya wakulima na pikipiki ya zamani. Ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, inapanda mulima, nyuma ya kilometa kumi hivi inakohoa na kuzima. Nikipumuzika kidogo, inawaka tena. Katika garaji walibadilisha bujie. Haikusaidia. Walibadilisha bobine. Haikusaidia. Mwishowe walinishauri kaburateri mupya, nikalipa, nikafurahi siku mbili, na siku ya tatu ikazima pahali pale pale. Kijana moja wa Kadafi alikuja kunimwagia esansi, akafungua kizibo, na sote wawili tukasikia rezervuari ikivuta hewa: «Fyuuu!» Kitundu kidogo ndani ya kizibo kilikuwa kimeziba na matope makavu. Hewa haikuingia, kwa hiyo esansi haikuweza kushuka. Tulikizibua kwa ufito wa fagio. Kaburateri yangu ya zamani haikuwa na kosa lolote, na nilikuwa nimeiacha kwa garaji.

Kwa hiyo pikipiki ikizima njiani, kabla ya yote fungueni kizibo na musikilize. Ikivuta hewa, na nyuma yake ikawaka, mumepata.

HEWA

Katika kiangazi, toka mwezi wa sita hadi wa munane, vumbi ya njia zetu inajaza filtri ya hewa kwa siku chache. Motere yenye kukosa hewa inakunywa esansi nyingi, inatoa moshi mweusi, na bujie inajaa masizi. Filtri ya sifongo muioshe kwa maji na sabuni, ikauke kabisa, muilowanishe kidogo na mafuta ya motere kisha muikamue. Filtri ya karatasi haioshwe: igongwe polepole na ipulizwe toka ndani kwenda inje, ama ibadilishwe.

Wamotari wengine wanatosha filtri kabisa, wanasema pikipiki inapata nguvu. Inapata, kweli, kwa muda. Lakini vumbi ile inaingia moja kwa moja na kukwaruza silindri, na kutengeneza silindri ni bei kali sana kuliko filtri.

Angalieni tena ule mupira mufupi kati ya kaburateri na motere. Ukipasuka, hewa inaingia kwa wizi, na motere inakuwa ya moto sana na relanti yake inapanda na kushuka yenyewe. Motere ikiwaka, pakeni maji ya sabuni juu ya maungio ya mupira ule. Kama mulio wa motere unabadilika mara moja, hewa inaingia pale. Musitumie esansi kwa kipimo hiki, mutaunguza pikipiki na mikono.

MOTO WA BUJIE

Bujie inaeleza mengi kama mutu anajua kuisoma. Tembezeni pikipiki kidogo, zimisheni, iache ipoe, kisha tosheni bujie. Rangi ya kahawia kama udongo mukavu ni nzuri. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria: esansi nyingi ao hewa kidogo, na mara nyingi ni filtri ao starte iliyobaki imevutwa. Nyeusi na yenye kulowana mafuta: mafuta ya motere yanapanda ndani, segma za pistoni ao supapu zimechoka. Nyeupe kabisa: esansi ni kidogo na motere iko inaungua, hiyo ndiyo ya kutengeneza siku ile ile.

Kwa CG125 bujie ni D8EA, na nafasi kwenye ncha ni milimetre 0,6 hadi 0,7. Pimeni kwa kale, hata kama bujie ni mupya.

Kwa kuona moto: rudisheni bujie ndani ya kofia yake, lazeni chuma chake juu ya chuma cha motere, mbali na tundu lake, fungueni kontakti na pigeni kiki. Musiishike chuma kwa mukono. Musipige kiki wakati bujie haigusi chuma, juu ile boksi ya umeme inaweza kufa. Moto wa bluu wenye kupiga «tak» ni muzima. Wa manjano na mwembamba ni muzaifu. Mbele ya kununua bobine, fungueni kofia ya bujie toka kwa waya wake, kateni waya kama sentimetre moja pale mwisho penye kuoza, na murudishe kofia. Mara nyingi moto unarudia pale pale, na mumelipa sifuri.

SUPAPU

Hapa ndipo pikipiki za zamani zinateseka sana na ndipo watu hawaangalie. Wakati wa kazi, supapu inajichimbia polepole pahali pake pa kukalia, na ile nafasi ndogo kati yake na mukono wenye kuisukuma inapungua. Siku nafasi inaisha, supapu haifunge tena vizuri motere ikiwa moto, kwa sababu chuma cha moto kinarefuka. Basi pikipiki inawaka asubuhi, inafanya kazi, ikizimishwa sokoni inakataa kuwaka mupaka ipoe. Watu wanasema imerogwa, ama ni kaburateri.

Wengi wanaogopa motere yenye kupiga «tik-tik» kule juu. Sisi tunaogopa zaidi ile ya zamani yenye kunyamaza kabisa. Kelele kidogo ni nafasi yenye kuzidi, inaharibu polepole. Kimya kinaweza kuwa supapu isiyofunga, na hiyo inaungua.

Pimeni motere ikiwa baridi, imelala usiku muzima. Simamisheni pikipiki juu ya mugongo wake wa katikati, tosheni bujie, fungueni mufuniko wa juu. Mutaona mikono miwili midogo: wa upande wa kaburateri ni wa kuingiza, wa upande wa mbele, penye bomba la moshi, ni wa kutosha. Wekeni vitesi ya juu kabisa na muzungushe gurudumu la nyuma kwa mukono, kwenda mbele. Mukono wa kuingiza utashuka kisha utapanda. Toka hapo endeleeni polepole, na kamulija ka plastiki kale ka kunywea fanta ndani ya tundu la bujie. Kakifika juu kabisa, simameni: pistoni iko juu na supapu zote mbili zinapashwa kuwa zimefungwa. Sogezeni gurudumu kidogo sana mbele na nyuma. Kama mikono ya supapu inacheza pamoja na gurudumu, muko katika zamu isiyo yake. Zungusheni motere duara moja tena.

Sasa ingizeni kale ya milimetre 0,08 kati ya mukono na supapu, hapa na pale. Inapashwa kupita kwa kusuguasugua kidogo. Kama haipite, legezeni ile nati ndogo, rudisheni visi kidogo, pimeni. Mukikaza nati, shikeni visi kwa turnevisi isizunguke, kisha pimeni tena, maana kukaza kunasogeza. Mutarudilia mara mbili ama tatu. Ni kawaida, hata mafundi wanarudilia.

Kama nafasi iko sawa na nguvu haiko, wekeni kidole gumba juu ya tundu la bujie na mwingine apige kiki. Hewa inapashwa kukisukuma kwa nguvu. Ikiwa muzaifu, mwangeni kijiko kidogo cha mafuta ya motere ndani ya tundu na mupime tena. Nguvu ikirudi, ni segma za pistoni. Isiporudi, ni supapu yenye kuungua. Zote mbili ni kazi ya garaji, lakini sasa mutaenda pale mukijua munaomba nini.

SASA NDIYO KABURATERI

Kama vine vile viko sawa, unaweza kugusa kaburateri, na mara nyingi ni kuipanga tu. Tembezeni pikipiki dakika kumi ipate moto. Kwenye kaburateri kuna visi mbili: moja yenye kupandisha na kushusha relanti, na ndogo yenye kupanga muchanganyo. Ile ndogo, motere ikiwa imezimishwa, muikaze polepole mupaka inagusa, mukihesabu mizunguko, muandike hesabu ile, kisha muirudishe pale ilikuwa. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake ni laini.

Washeni motere. Zungusheni visi ndogo robo ya muzunguko, ngojeni, sikilizeni. Robo ingine. Tafuteni pahali motere inazunguka mbio na laini kuliko pote, upande huu ao ule. Ukifika pale, shusha relanti kwa visi kubwa mupaka motere inapumua kwa utulivu bila kutaka kuzima. Kitabu cha Honda kinasema mizunguko karibu 1400 kwa dakika. Sisi hatuna saa ya kuhesabu, sikio linatosha. Vuta gazi mara moja: inapashwa kupanda pasipo kukohoa.

Kama inapashwa kuoshwa ndani, vile vitundu vidogo vya esansi musivizibue na waya wa chuma, vitapanuka na pikipiki itakunywa esansi maisha yake yote. Uzi wa nailoni wa wavuvi na pompi ya pine vinafanya kazi nzuri.

Jambo moja ni la kwetu sisi wa milima. Uvira iko karibu mita 770 juu ya bahari, Bukavu karibu 1500, na milima ya juu nyuma ya Uvira inapita 2000. Kadiri munapanda, hewa inakuwa nyepesi, lakini kaburateri inaendelea kutoa esansi kama vile iko chini. Pikipiki yenye kupangwa kando ya ziwa itakuwa na bujie nyeusi na kukosa nguvu kule juu, na haiko mugonjwa. Kama koperative inatumikia juu siku zote, ile sindano ndani ya kaburateri iko na vijongo, kawaida vitano: peleka kipini kijongo kimoja juu, sindano inashuka, esansi inapungua. Lakini pikipiki ikirudia chini kwa kazi ya muda murefu, kipini kirudi pale kilikuwa. Ukisahau, bujie itakuwa nyeupe na motere itaungua kwenye joto la ziwa. Kwa safari ya siku moja, acheni kama ilivyo.

KAYE

Pikipiki ya koperative iko na madereva watatu ama wane, na kila moja anafungua visi yake kwa siri akisema anatengeneza. Pasipo kaye, hakuna mutu anajua pikipiki ilikuwa namna gani jana. Sheria ni mbili. Kitu kimoja kwa mara: ukibadilisha bujie, tembeza mbele ya kugusa kingine. Na kila kitu kiandikwe, hata kile ambacho hakikusaidia. Kaye ikae kwa mutunza kasha, si kwa dereva, na asilipe kipande chochote kabla ya kusoma ukurasa wa mwisho. Ikiwa mutapeleka garaji, mekanisiye aione naye. Mekanisiye muzuri atashukuru kwa sababu mumemupunguzia kutafuta. Maandishi hayahitaji kuwa marefu. Kama hivi:

«Tarehe 14 mwezi wa tano. Inazima ikiwa moto, inawaka ikipoa. Kizibo sawa. Maji hakuna. Moto wa bluu. Supapu ya kutosha moshi imekazana, kale ya 0,08 haipite. Tumeipanga. Imebeba mifuko miwili hadi stasho na kurudi, haikuzima. Kaburateri hatujaigusa.»